Kurasa Nne Zilizobaki Tupu

Boston, Juni 1744

Dada yangu Keziah,

Hatujambo, ila macho ya mume wangu Josiah yamezima kabisa. Sasa herufi za kuchapia napanga mimi. Unajua jarida letu tunalijaza kwa kunakili majarida ya huko London. Januari bandari iliganda, meli haikufika, na kurasa nne zikabaki tupu. Nikazijaza mwenyewe kwa kuandika tunavyovunja barafu kisimani kwa ndoo. Josiah akacheka, "Nani asome habari za ndoo zako wewe?"

Jana meli ilileta jarida la London. Nikamsomea ukurasa wa kwanza. Akasikiliza, kisha akasema, "Hizo ndoo nazijua."

Wamenakili maandishi yangu neno kwa neno, bila jina langu. Waambie majirani zako huko London nani ameandika.

Mdogo wako,
Tabitha