Keki Iliyoandikwa "Hongera Tu"

Jumapili asubuhi, Turwa. Mawingu yametanda na mvua bado inajishauri. Miguu inaniuma, lakini roho yangu ni nyepesi, na sikumbuki mara ya mwisho kusema hivyo.

Jana Awiti alitimiza miaka mitano.

Ngoja niandike tena, maana sijazoea. Mitano.

Mnaonisoma hapa mnajua nafundisha hisabati shule ya msingi, na mnajua naandika kuhusu kila kitu: wanafunzi watukutu, kwaya, kuku wa jirani wanaofukua mchicha wangu. Kuhusu binti yangu sijawahi kuandika hata mstari mmoja. Leo nakiri kwa nini.

Kabla ya Awiti nilikuwa na mtoto wa kiume, Otieno. Malaria ilimchukua zikiwa zimebaki wiki mbili tu atimize miaka mitano. Shati la sherehe lilikuwa limeshashonwa.

Awiti alipozaliwa, mama mkwe alisema huyu hatumwachi hivi hivi. Kwetu Wajaluo, mtoto anayezaliwa baada ya mwenzake kufa hutupwa. Usishtuke, hutupwa kwa maigizo tu. Bibi yake alimlaza kando ya njia juu ya jani la mgomba, mimi nimejificha nyuma ya mlango, maziwa yananichuruzika kifuani. Jirani yetu Mama Gati, mama wa Kikurya, alikuwa ameshapangwa. Akapita, akapaza sauti: "Jamani! Nani ametupa mtoto hapa? Basi nimemwokota, ni wangu!" Alipaza sauti makusudi, ili hicho kinachochukua watoto kisikie kwamba huyu hana mwenyewe. Kisha akaniletea, akaniambia nimlelee. Ndiyo maana akaitwa Awiti, aliyetupwa.

Mimi naimba kwaya kanisani. Siku ile sikubisha neno.

Tangu hapo nimeyashika masharti kuliko hata walioyaweka. Mtu akisema una mtoto mzuri, najibu, "Yupo yupo tu." Picha zake siweki popote. Siku yake ya kuzaliwa inapita kama siku ya kufua. Mama Gati akija hunitania, "Mwanangu mnamlisha lakini?" Nami hujibu, "Takataka yako ipo, njoo uichukue." Tunacheka wote wawili, ila mimi kicheko changu kilikuwa kinaishia mdomoni.

Mwaka huu mume wangu aligoma. Akakodi Noah, akasema tunakwenda ile hoteli ya upande wa Mugumu yenye bustani ya michezo ya watoto, na Mama Gati aje. Mimi nikapewa kazi moja, kuagiza keki.

Nikampigia simu mpishi wa keki. Akauliza, "Tuandike nini, mwalimu?" Jina sikulitaja. Niliona nikilitaja, pamoja na ile tano, nitakuwa nimekiita mwenyewe hicho tunachokikwepa. Nikamjibu, "Wewe andika hongera tu."

Hotelini kuna tembo wa saruji mkubwa kuliko nyumba yetu. Watoto wanapanda ngazi mgongoni kwake, wanaserereka kwenye mkonga mpaka kwenye bwawa la maji ya magotini. Mama Gati, ambaye amezaliwa kijiji cha jirani na hifadhi, alimzunguka mara mbili akimkagua, kisha akasema, "Huyu angalau hali mahindi ya mtu."

Awiti aliserereka mara kumi na moja. Najua kwa sababu kila mara nilikuwa nimesimama chini na mikono nimeinyoosha. Kila alipotoka majini nilimgusa paji la uso nione kama lina joto, mpaka akaniambia, "Mama, niache nicheze."

Ukafika wakati wa keki. Mshereheshaji wa pale hotelini akafungua boksi. Juu ya krimu nyeupe, kwa herufi kubwa nyekundu, zimepangwa vizuri kabisa: HONGERA TU.

Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani. Meza za jirani nazo zikacheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Awiti yuko chekechea, anajifunza silabi. Akasogea, akaweka kidole. "Ho-nge-ra tu." Akaizunguka keki yote kutafuta, mpaka nyuma. Kisha akanitazama.

"Mama, jina langu liko wapi?"

Nimefundisha miaka tisa na nimeulizwa maswali ya kila aina. Kwa hilo nikajifanya natafuta kisu cha keki.

Mshereheshaji, asiyejua lolote, akatangaza kwenye kipaza sauti, "Mama mzazi apite mbele alishwe keki!" Sikuinuka. Nilimtazama Mama Gati nikingoja aende yeye, maana ndivyo tulivyokubaliana kuidanganya dunia.

Akainuka kweli. "Mura, kijana, ngoja kidogo," alimwambia yule mshereheshaji. Akachukua kijiti cha meno mezani, akaja kunishikisha mkononi.

"Mwalimu, nenda ukaandike jina la mtoto wako."

"Mama, si ulimwokota wewe?"

"Nilimwokota tu. Uchungu uliushika wewe. Au unataka nimnyonyeshe sasa hivi, na uzee huu?"

Nikaenda. Nikalikwangua kwenye krimu kwa kile kijiti: AWITI. Chini yake nikachora tano. Mimi ninayewakata watoto wa watu alama kwa mwandiko mbaya, niliandika kama kuku aliyepita kwenye matope. Awiti akasoma kwa sauti, "A-wi-ti. Ni mimi!" Akanilisha kipande kikubwa hivi kwamba krimu iliniingia puani, nikalia mbele za watu, na wala sikuona haya.

Sitaki kudanganya kwamba hofu imeondoka. Leo nimeamka, na kabla hata ya kusali nimemgusa paji la uso. Halina joto. Amelala fofofo, ana harufu ya maji ya bwawa. Nadhani hofu hii nitaishi nayo kama ninavyoishi na wale kuku wa jirani: nitaifukuza, itarudi, nitaifukuza tena.

Asubuhi hii nimempigia mama mkwe. Baada ya shikamoo nikamwambia nataka kuweka picha ya mtoto hapa, watu wote waione. Mume wangu alikuwa ameshamtumia picha za jana.

Akasema, "Weka ile anayocheka."

Ndiyo hii hapa chini, ametoka kwenye mkonga wa tembo, maji yanamtiririka, jino moja la mbele halipo. Anaitwa Awiti. Ana miaka mitano. Ni mwanangu.