Kiwiko Kwenye Beseni

Naliaka, mjukuu wangu,

Bwana asifiwe. Sisi tupo, ingawa mahindi yalikaukia shambani na mguu wa babu yako haujapona.

Unauliza kama kweli umeokoka, maana huko kazini Dubai mama mzee wa madam wako anakutemea mate ukimwogesha, na hata baada ya kuomba bado unamchukia.

Mama mkwe wangu hakuja kumzika mtoto wangu wa kwanza. Mengine nitayaacha. Alipopooza, niliachiwa mimi kumwogesha. Nilikuwa nimeshasimama kanisani nikashuhudia kwamba nimemsamehe, lakini nyumbani nilimsugua kama sufuria.

Asubuhi moja nikajikuta nimeinama, nimetumbukiza kiwiko kwenye beseni kupima joto la maji, kama nilivyokuwa nikimpimia yule mtoto niliyemzika. Sikuwa nimepanga. Moyo ulikuwa mzito vilevile, ila mkono ulikuwa umetangulia.

Alikufa bila kuniomba msamaha, na mpaka leo sijui kama nilimpenda.

Ukiniandikia tena, usinieleze kama unampenda yule mzee. Nieleze tu unavyoyapima maji yake.

Nyanya yako