Mgongo wa Kiongozi wa Zamu

Jumatatu, 4 Machi
Leo mume wangu amenivalisha soksi. Mimi! Mpiga mbizi wa bwawa la maji miaka kumi na tisa, nimekaa ukingoni mwa kitanda nimenyoosha mguu kama mtoto wa chekechea. Akanifungia na kamba za viatu. Akauliza kazini nitawaambia lini. Nikamwambia ni baridi ya maji tu, itapita. Akakaza fundo.

Kazini tulisafisha nondo za mlango wa maji. Takataka kibao — matawi, nailoni, tairi zima. Chini majini nilikuwa na nafuu. Kasheshe ni ngazi. Mtungi wa hewa mgongoni, mkanda wa risasi, vile vyuma vizito vya kuzamishia, kiunoni, ngazi kumi na mbili. Ya saba, kiuno kikakatika — ndivyo nilivyosikia. Nikajifanya narekebisha miwani. Wenzangu wakangoja majini.

Ngazi ileile ndiyo iliyommaliza Kiboko mgongo, yule tuliyekuwa tukizama naye. Sitaki kuandika habari za Kiboko leo.

Alhamisi, 7 Machi
Nimetoka mapema, nikaenda duka la vifaa vya kuzamia. Nikamwambia muuzaji natafutia shangazi yangu. Shangazi mwenyewe ana miaka sabini na moja, anaogopa hata beseni!

Muuzaji ni mama mmoja mpole, miwani imening'inia kifuani. "Maumivu ya shangazi yako wapi, juu au chini?" Chini. Yanashuka mguuni? Yanashuka. Akikaa au akiinama? Akiinama, nikasema, na akikohoa. Nilijibu yote chapchap. Akanitazama. "Haya, geuka nikupime mabega. Bila shaka shangazi ana umbo kama lako."

Nilitamani ardhi inimeze. Ila nimejifunza. Mkanda wa risasi autupe kabisa — unavuta kiuno chini, suti ya mpira inainua miguu, mgongo unapinda katikati. Risasi ziingie kwenye mifuko ya jaketi la kuelea, nyingine zifungwe juu kwenye mtungi. Jaketi lenyewe liwe la kujaa hewa mgongoni, siyo lile la kubana mbavu, ili mtu alale ubapa majini. Liwe na kimto cha kiunoni. Mapezi ya miguuni yawe laini. Suti ya zipu ya mbele. Mtungi asipande nao: auvue majini, uvutwe kwa kamba. Na asinunue kwa macho, ajaribu kwanza majini, baada ya kuonana na daktari.

Jaketi hilo liko moja tu dukani. Saizi yangu.

Jumamosi, 9 Machi
Haya, niandike.

Miaka miwili iliyopita Kiboko aliomba hayohayo. Alikuja mbele ya kikosi kizima, mkono kiunoni, anatembea hatua moja moja, akamwomba Mkuu wa kitengo jaketi la aina hiyo na kamba ya kuvutia mtungi. Nikasema, "Jamani, mpisheni Bibi Harusi apite!" Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mkuu naye. Jina likaganda.

Wiki ileile Mkuu aliniita faragha. Je, Kiboko bado anafaa? Nikasema hafai. Sikuwa na uhakika wowote. Yeye ndiye alikuwa kiongozi wa zamu, na mimi niliutaka uongozi ule. Nikaupata.

Sasa yuko stoo, anatugawia mitungi kupitia kidirisha. "Umeamkaje, dada?" Kila asubuhi. Kila asubuhi!

Jumatano, 13 Machi
Kiboko amejua.

Niliinama stoo kuchukua mtungi, nikakwama. Juu siendi, chini siendi. Akazunguka kaunta, akafunga mlango wengine wasione. Akanishika kiwiko, tukahesabu pumzi pamoja.

"Tangu lini, dada?"
"Tangu Desemba."

Nikangoja anicheke. Angenicheka ningepumua. Akaniambia tu nisiwe nazungusha kiuno ninapovua mtungi, nikae kwanza. Nikamtajia lile jaketi. Macho yakamng'aa — analijua kila mshipi! Akasema nimwambie Mkuu. "Ukisema wewe atasikia."

Ukisema wewe. Nilitazama sakafu.

Ijumaa, 15 Machi
Nimemwambia Mkuu habari za jaketi. Akauliza ni la nani. Nikasema la Kiboko. Eti ni yeye anaomba!

"Bibi Harusi bado anataka fungate?" Mkuu akacheka. Nami nikacheka. Nimecheka, Mungu wangu.

Lakini amekubali lijaribiwe, daktari akimpitisha. Nikampelekea Kiboko habari. "Mimi? Siyo wewe?" Nikasema aanze yeye. Akaenda kutafuta suti yake ya zamani.

Jumatano, 20 Machi
Bwawa la mazoezi. Naandika kwenye chumba cha kubadilishia nguo, mlango nimeufunga kwa ndani.

Kiboko amezama dakika arobaini. Muuzaji wa dukani kaja mwenyewe kukaza mishipi. Kanisalimia, kauliza shangazi anaendeleaje — mbele ya Mkuu! Nikasema hajambo.

Kiboko alilala juu ya maji ubapa kama ubao, kisha akashuka bila kurusha mguu. Alipoibuka alitoa kipumulio akapiga kelele: "Hakuna maumivu! Sisikii kitu!" Watu wakapiga makofi. Mmoja akaita, "Kiboko!" — halafu wote. Sijawahi kumwona mtu mzima akilia na miwani ya majini usoni.

Mkuu hakucheka. Kaniita pembeni. Daktari amempitisha Kiboko, jaketi limemkaa, Jumatatu anarudi majini. "Jaketi ni moja, sitapata la pili mwaka huu. Kama kuna mwingine mwenye mgongo mbovu, niambie sasa. Nikishaandika jina, nimeandika."

Nikasingizia kwenda msalani. Nipo hapa.

Nikisema, namvua Kiboko lile jaketi likiwa bado linachuruzika maji, na wote watajua ni nani Bibi Harusi. Nikinyamaza, nitaonekana mwema. Hilo ndilo linalonichoma — nitaonekana mwema!

Kuna mtu mlangoni. Ni Kiboko.

"Dada, uko humo? Mkuu ameniambia uliniombea wewe mwenyewe. Fungua basi, nikupe mkono."

Nimesema nakuja. Nimejaribu kusimama kutoka kwenye benchi. Mgongo umegoma.

"Dada?"

Anagonga tena. Nyuma yake namsikia Mkuu akiuliza kuna nini humo ndani —