Dirisha la Chumba cha Mama

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipovua miwani ya kuchomelea ukaiweka juu ya meza ya karakana, ukasema, "Napumzika kidogo tu," na hukuamka tena. Miwani bado iko pale pale.

Mtaa mzima ulikuita Fundi Komeo, mwanzoni kwa kukucheka. Ulichomelea nondo za madirisha kama mafundi wote, mwizi asipite, mpaka siku nyumba ya jirani yetu mshona viatu ilipoungua, naye akashindwa kutoka dirishani. Nondo zile hukuzitengeneza wewe. "Hata zangu ni hizo hizo," ulisema, ukaacha chakula mezani. "Kwani kumfungia mwizi nje ni lazima ujifungie na wewe ndani?"

Ukachora, ukakata, ukaharibu chuma kingi, Mama akalalamika kwamba umegeuza nyumba jaa. Mwishowe ukapata nondo zenye bawaba, na komeo la ndani lisilofikiwa na mkono wa nje. Wateja wakagoma: "Fundi, nimeagiza dirisha, si mlango wa pili!" Hukubembeleza mtu. "Tafuta mwingine. Mimi sichomelei mtego."

Wala hukuondoka kwenye nyumba kabla aliye mdogo na aliye mzee kuliko wote hawajalifungua komeo bila kuangalia. "Bibi, fumba macho, fungua mwenyewe nione." Polepole wapangaji wakaanza kuuliza, kabla hata ya kuuliza habari za maji, "Madirisha yanafunguka kwa ndani?" Ulifurahi sana ulipowasikia, maana swali lilikuwa limeshakuwa lao.

Ila ulituachia kiporo. Nondo za chumba chenu, zenye ua la chuma katikati, ulimtengenezea Mama mlipooana, na zilijengewa ukutani. Kila uliposhika msumeno alisema, "Hiyo ni zawadi yangu, usiiguse." Nawe uliyewashinda wenye nyumba wote, kwa Mama ulinywea.

Tumebishana mwaka mzima. Wengine tuliona tukizikata tunakukata wewe. Dada yetu mkubwa, anayeendesha karakana sasa, hakutaka kusikia: "Nitawaambia nini wateja, na mama yangu analala nyuma ya mtego?" Jumamosi iliyopita Mama alivuta kiti, akakaa, akasema, "Kateni. Ua mliache."

Dada alikata huku analia. Alipomaliza kufunga bawaba, alisema, "Mama, fumba macho, fungua mwenyewe nione."

Mama akapapasa, akalipata komeo, akasukuma. Dirisha likafunguka, ua lako likiwa juu yake.

Unakumbukwa na mkeo, binti yako fundi, wanao wengine wawili na wakwe zako, wajukuu wako wanaojua kufungua wakiwa wamefumba macho, na mafundi wa karakana yako. Hakuna dirisha lisilofunguka litakalotoka mikononi mwetu. Hivyo ndivyo tutakavyokukumbuka daima, Baba.