Utepe wa Baba

Sheboygan, Wisconsin
Machi 14, 2019

Mpendwa Kaka Russell,

Hamjambo huko Anchorage, wewe na wifi Colleen? Goti lako limepona? Hapa theluji bado imeziba mlango wa gereji. Mimi mzima, ila usingizi umenipa kisogo. Baba yupo, ingawa amekonda.

Nakuandikia kuhusu bia yake, maana kwenye simu nitalia.

Baada ya yale matibabu ya koo ya Septemba alipika ile nyeusi ya babu kwa ajili ya mashindano ya chama chao cha wapika bia wa nyumbani. Dukani alitafuna punje za kimea kama kawaida yake, akaitikia kwa kichwa, akachukua mfuko.

Unajua mashindano yao yalivyo. Bia ikiwa tamu haitoshi. Lazima iwe ya aina uliyoiandika kwenye fomu. Baba akaniambia niandike bia nyeusi ya Kijerumani, kama miaka yote. Kabla ya kuandika nikafungua chupa moja. Kaka, ilikuwa moshi mtupu, kama nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Alikuwa amechukua kimea cha moshi, kile kinachokaushwa juu ya moto wa kuni. Naye akanywa kutoka glasi ileile, akasema ni safi, ileile ya babu.

Hapo nikajua ulimi wake umekufa. Ningemwambiaje? Nikaandika bia ya moshi, nikanyamaza. Nilidhani hatajua kamwe.

Ikashika nafasi ya pili. Jumapili Orville Kranz, mwenyekiti wao, alileta mwenyewe utepe wa ushindi, na kabla sijatoka jikoni ulikuwa mkononi mwa baba. Umeandikwa kwa dhahabu: Bia ya Moshi.

Kranz akamwambia, “Elroy, mzee mwenzangu, mambo ya moshi umeyaanza lini? Majaji wanakusifu kweli.”

Baba akacheka naye, akamshukuru, akamsindikiza hadi kwenye gari. Aliporudi akakaa bila kuvua koti.

“Marlys, mle ndani mna moshi?”

“Umo, baba.”

“Mwingi?”

“Mwingi.”

Akaugeuzageuza ule utepe. Nikamwomba radhi kwa kumficha. Akanishika mkono.

“Hata mimi nimekuficha, mwanangu. Supu yako ninayoisifu kila siku, tangu Septemba sijui ina ladha gani.”

Jumatatu alimpa Kranz masufuria yote na mapipa. Pale chini yalipokaa pamebaki alama za mviringo sakafuni.

Ukipiga simu usimpongeze. Muulize habari za theluji, au za kuku wa jirani. Hizo bado anazifurahia. Na kama nauli itapatikana, njoo kabla ya Pasaka. Daktari hasemi mengi, nami siulizi.

Nisalimie wifi, na mpwa wangu Denise. Shangazi Lorna naye anawasalimu. Mungu awafunike huko kwenye baridi.

Akupendaye, na anayekuhitaji zaidi mwaka huu,
Dada yako Marlys