Hewa Iliyoisha Tukimngoja Mgeni Rasmi

Jumatatu, 3 Machi

Wengi hukosea hapa: hudhani setilaiti ikinyamaza angani imeharibika. Mara nyingi ni nzima. Mafuta ya kuisukuma ibaki kwenye njia yake yameisha, basi. Mitambo mizima, na inatupwa. Nimelieleza tena leo maabarani, mara ya ngapi sijui. Dawa yake ni chombo cha pili kuifuata polepole, kuishika, kuijazia.

Hicho ndicho anachokijaribu Zuhura, mwanafunzi wangu wa zamani. Visanduku viwili juu ya meza ya kioo, vinaelea kwa hewa inayopulizwa chini yake kutoka mtungi mdogo. Kimoja hukijongelea kingine, mdomo kwa mdomo, kikanasa. Leo kilinasa kila mara. Nimefurahi.

Jumatano, 5 Machi

Mkurugenzi wa maabara ameagiza onyesho Ijumaa. Mgeni rasmi ndiye atakayebonyeza kitufe. Zuhura akae nyuma. Kazi ni ya Zuhura.

Nimenyamaza. Imeniuma kunyamaza.

Ijumaa, 7 Machi

Nina hasira.

Mahema, viti vilivyovishwa vitambaa, sala, ngoma. Mgeni hayupo. Mkurugenzi akataka visanduku vielee tangu asubuhi. Zuhura akapiga magoti, kama alivyolelewa kusema na wakubwa, akamwita bwana kwa Kiganda: "Ssebo, tuzime kidogo. Hewa itaisha."

Naye akamwita bibi: "Nyabo, mgeni aingie akute kitu imelala? Mimi nitasema nini?"

Mgeni alifika tumeshakula mchana. Hotuba. Hotuba ya kuishukuru hotuba. Kisha kitufe. Kisanduku kilisogea kidogo, kikakwaruza kioo, kikasimama. Sauti kutoka nyuma: "Hiyo setilaiti ya Bwaise, imekwama kwa matope." Vicheko. Wote wanajua Zuhura anaishi Bwaise, mtaa wa bondeni unaofurika kila mvua.

Mkurugenzi akashika kipaza sauti: kifaa kimeharibika, binti hakukiunda vizuri.

Watu wenye shahada hawa. Mtungi umekauka kwa sababu ya itifaki yao, na hakuna hata mmoja aliyeinama kuutazama. Nilisimama kusema. Wakapiga wimbo wa taifa. Nikabaki nimesimama kama wengine.

Jumamosi, 8 Machi

Jumatatu wanakutana kumtoa Zuhura kwenye mradi. Karani kanidokeza. Nafasi tayari ina mtu, mpwa wa fulani. Nawachukia leo. Nimeandika na neno lenyewe.

Nilikwenda soko la Owino kutafuta viatu. Nikamfokea muuzaji kwa sababu ya kamba tu. Akaniambia, "Hajati, mimi nauza viatu. Aliyekukosea yuko wapi?" Watu wakacheka. Mimi pia, baadaye.

Jioni Zuhura akaja na mtungi begani, hataki kuuacha kule. Hakulia. Alisema, "Hajati, labda kweli ni mimi." Hapo nilikasirika kuliko jana. Kumwibia mtu kazi ni ubaya. Kumfanya aamini kwamba hajui anachokijua ni ubaya zaidi. Nilimweleza upya, pole pole, kama siku ya kwanza darasani: kisanduku kizima, mdomo mzima, hewa hakuna. Aliitikia kwa kichwa tu.

Usiku nimepanga hotuba ya kesho kutwa. Kali. Ina methali nne.

Jumapili, 9 Machi

Mvua ya alfajiri. Nimempigia Zuhura, maji yamefika kizingitini, hayakuingia.

Nimeisoma hotuba yangu. Nzuri. Haifai kitu. Nikisema, nao watasema, na kwa kusema hawana mshindani. Lakini watakutana ukumbi ule ule, na meza ya kioo bado iko pale, hakuna aliyejisumbua kuiondoa. Visanduku viko juu yake. Zuhura ataunganisha mtungi uliojaa, atabonyeza mwenyewe. Mimi nitakaa kimya, safari hii kwa hiari yangu.

Mtungi uko hapa mlangoni, mwepesi. Yule Mkongo anayejaza hewa magurudumu ya malori nyuma ya maduka ya Kikuubo hutoka ibadani saa sita, kisha hufungua.

Nijikumbushe: peleka mtungi ukajazwe leo.