Radi Juu ya Gwasi

Alhamisi, 20 Machi 2025

Kwaya imekubali! Video ya wimbo wetu tutashuti juu ya milima ya Gwasi. Lynnet ndiye aliyewashawishi — Lynnet wa sauti ya kwanza, ambaye duka lake la nyavu limepakana na langu la nguo hapa Sindo. Anasema ukiwa kule juu ziwa lote liko chini yako. Jumapili tunaenda sisi wawili tu kutafuta mahali pazuri. Nimemwambia mimi milima naijua, nimezaliwa Kisii. Akacheka, akaniita binti wa Kisii kwa Kijaluo: "Nyar Kisii, milima yenu ina ndizi. Hii ina mawe."

Jumapili, 23 Machi

Radi imempiga Lynnet. Yuko hai. Mimi sina hata mkwaruzo. Siwezi kuandika.

Jumatatu, 24 Machi

Sijalala. Wacha niandike yote, hapa hakuna wa kusoma.

Tulianza kupanda kutoka Kisegi saa nne asubuhi. Jua kali. Saa saba tukawa juu kabisa, kwenye mgongo wa mlima — nyasi, mawe, kijia cha mbuzi, mteremko huku na huku. Hakuna mti. Tukala mandazi. Lynnet anapiga picha, anaimba. Nikageuka nyuma. Upande wa Kisii mbingu ilikuwa nyeusi tii.

Nikamwambia tushuke. Akasema mvua hiyo bado iko Ndhiwa, tufike tu pale kwenye jiwe kubwa. Nilijua si vizuri. Nikaenda.

Hatukufika. Upepo ukawa baridi ghafla, halafu ukakatika. Kimya — hata ndege! Nikahisi nywele zinanisimama. Zake pia, niliziona. Tukatazamana, tukaanza kukimbia. Mguu wake ukaingia katikati ya mawe, akaanguka. Akajaribu kusimama, hawezi. Akaninyooshea mkono.

"Nyaminwa, nishike!"

Nyaminwa. Dada yangu.

Radi ikapiga lile jiwe kubwa. Sauti sikuisikia, niliona weupe tu.

Nikakimbia.

Andika, Mellen. Ulikimbia. Hukuangalia nyuma.

Chini kidogo kuna boma la mama mmoja anaitwa Filister. Alinivuta mpaka jikoni kwake. Mvua ya mawe juu ya mabati, hatusikiani. Akaniuliza karibu na sikio: uko peke yako?

Nikasema ndiyo.

Kwa nini? Tangu jana najiuliza. Labda niliogopa ataniambia turudi. Nusu saa nzima nimekaa pale. Akanipa chai. Na chai nikanywa!

Mvua ilipopungua nikatoka mbio bila kusema neno. Nilimkuta amelala kifudifudi, radi imempata: kiatu kimepasuka, mkono wa kushoto umeungua mpaka kwenye kiwiko. Anapumua. Nikaushika ule mwingine, nikapiga mayowe mpaka Mama Filister akaja na wanaume wanne. Wakambeba kwa blanketi. Njiani akafungua macho. Kitu cha kwanza alichokiona ni mkono wake ndani ya wangu.

Jumatano, 26 Machi

Hospitali. Sikio moja halisikii. Hakumbuki chochote tangu yale mandazi. Lakini amewaambia manesi wote: huyu ndiye hakuniacha. Mama yake akanipigia magoti — mama mtu mzima! Nikamwinua. Nikafungua mdomo niseme. Daktari akaingia. Nikaufunga.

Ijumaa, 28 Machi

Ameruhusiwa kwenda nyumbani. Mzee Omanga wa kanisa alikuja dukani: kesho Sabato Lynnet atatoa ushuhuda, na mimi nisimame kando yake. Nikamwambia nina homa. Akauliza, Mungu aliyewatoa kwenye radi atashindwa na homa?

Jioni Lynnet mwenyewe akaja nyumbani kwangu, na mkongojo wake. Anapanga maneno ya kesho. "Nilipoanguka nilikuambia nini? Nataka niseme vile ilikuwa."

Nikasema, uliniambia nikushike.

"Na wewe?"

Nikasema chai inachemka. Nikaenda jikoni nikasimama pale, nikaiangalia ikimwagika yote juu ya jiko. Aliniita mara mbili.

Anasema Mama Filister pia atakuja, amemtumia nauli.

Jumamosi, 29 Machi

Niko kanisani, benchi la tatu. Walio karibu wanadhani naandika mahubiri. Sijui nifanye nini na mikono, ndiyo maana naandika.

Mama Filister ameketi hapa kando yangu, kitambaa kipya kichwani. Sasa hivi ameniinamia. Siku ile uliniambia uko peke yako, akasema. Polepole, kama mtu anayetaja bei ya sukari. Nikaitikia kwa kichwa. Hajamwambia mtu, akasema, na hatamwambia. Hayo ni yangu mwenyewe kuyasema.

Afadhali angenitukana.

Lynnet yuko mbele. Anaongea kwa sauti kubwa mno, kwa sababu ya lile sikio. Watu wanafuta machozi. "Radi ilipiga, na dada huyu alikuwa amenishika mkono!" Amina ya kanisa zima. Mama yake amesimama, ameinua mikono.

Ananiita. "Mellen, kuja hapa mbele, nyaminwa." Vichwa vyote vimegeuka. Anacheka na kulia kwa pamoja, mkono wenye bandeji ameunyoosha kwangu. Mzee Omanga anakuja na maikrofoni.

Bado nimekaa. Nikiacha kuandika itabidi nisimame.

Mama Filister amevuta miguu yake, nipite.